Watu Watano, Sahani Nane

Mimi majina sisahau. Nikitaka nitakutajia kila mtoto aliyekaa benchi moja na mjukuu wangu mwaka ule, na mama yake, na walikotoka kabla ya kuhamia mtaa wetu huu wa Musaga. Hapa sitaandika hata moja. Jina ukishaliandika, hujui tena linasomwa na nani.

Mjukuu wangu alikuwa mwaka wa saba, tena anaurudia. Direkta wa shule alishatuambia wazi: akianguka mara nyingine, nafasi yake atapewa mwingine. Kilichomwangusha ni hesabu za vipande, zile wanazoziita fraksio, nusu na robo na tatu juu ya tano. Mimi shule niliiacha kabla ya kufika huko, kwa hiyo nilichoweza kufanya ni kumpa nafasi penye mwanga na kuwanyamazisha wadogo zake wawili.

Mwalimu wao wa hesabu alikuwa mpya. Nilikuwa nimemwona barabarani, kijana mpole, na upole wake sikuupenda. Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa mtu anayepita kwenye vumbi letu.

Siku moja nachambua maharage, mtoto akarudi na kusimama mbele yangu.

"Bibi, mwalimu anataka tuhesabu watu wa nyumbani."

"Awafanyie nini?"

"Ni ya fraksio. Watoto ni sehemu gani ya nyumba, wanawake sehemu gani, wanaume sehemu gani."

"Hakuuliza wanalala chumba gani?"

"Apana."

"Atauliza kesho."

Tulikuwa watu wanane. Watano ni wa siku zote: mimi, mwanangu wa kiume, mjukuu huyu na wadogo zake. Watatu walikuwa wametoka upande wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, binti wa marehemu mdogo wangu na watoto wake wawili. Walivuka na begi moja la nguo, na hatukuwa tumewapeleka kwa mkubwa yeyote wa mtaa waandikishwe. Majirani niliwaambia wamekuja kuniuguza, na nikawa nakohoa kila mtu akipita. Mji huu nimeuona miaka mingi. Najua kuna nyakati mtu alikuja na sauti nzuri, akauliza tu mko wangapi humu ndani, na wiki ile haikwisha vizuri. Sasa huyu anaulizia kupitia mtoto.

"Sema tuko watano," nikamwambia.

Akaenda, akasema watano. Kisha mwalimu akamwita kwenye tablo, ule ubao wa darasani, awaonyeshe wenzake. Yote haya alinieleza jioni, kichwa kimeinama. Mwalimu alimuuliza watoto ni wangapi, na yeye, kwa kuwa macho yake yalikuwa yanauona mkeka wetu wa chakula, akasema watano. Wanawake wawili. Mwanaume mmoja. Akaandika tano juu ya tano, mbili juu ya tano, moja juu ya tano, akajumlisha: nane juu ya tano.

"Nyumba nzima ni tano juu ya tano," mwalimu akamwambia. "Yako imezidi nyumba. Hao wengine wanakaa juu ya bati?"

"Ni mapepo ya bibi yake," mmoja akasema kutoka nyuma, na darasa lote likacheka.

Akapewa sifuri, na akaambiwa mzazi aje.

Nikasema, basi, amenusa. Asubuhi nilimtuma binti wa mdogo wangu na watoto wake kanisani wakakae huko mpaka niwaite. Nikafunga kitenge cha heshima, nikaenda.

Mwalimu alinipa kiti. Sikukaa.

"Mwalimu, nani alikutuma uhesabu watu wetu?"

"Apana mutu, mama. Ni hesabu tu."

"Maharage hayahesabiki?"

"Ya maharage wanakariri, mama. Nikibadilisha namba wanapotea. Lakini nyumba yake kila mutoto anaijua." Akafuta chaki mikononi. "Mi kwetu tuko tisa. Watoto ni sita. Hiyo ni mbili juu ya tatu ya nyumba, na ndiyo inakula."

Alitaka nicheke. Nikawaza kwamba hata mwenye nia mbaya angeanza hivyohivyo, kwa kunionyesha nyumba yake.

"Sasa mjukuu wangu?"

"Kujumlisha amejumlisha vizuri. Namba ya kwanza ndiyo haikubaliani na zingine. Sema namba moja, mama, yoyote, lakini zote zifuate hiyo. Ijumaa nitamurudisha kwenye tablo, na hiyo ndiyo itaingia kwenye pointi zake."

Yoyote. Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Kumbe hakuhitaji ukweli, alihitaji uongo uliopangwa vizuri, na kupanga naweza. Niliwaita wageni warudi kutoka kanisani, na wakati chakula kinaiva nilimwita mtoto kwenye mkeka, nikapanga sahani zote nane.

"Hii ndiyo nyumba. Sasa angalia." Nikaondoa tatu, nikazirundika pembeni. "Zimebaki ngapi? Za watoto ni sehemu gani?"

"Tatu juu ya tano," akasema polepole.

"Ya wanawake?"

"Moja juu ya tano." Hakuwa anaangalia zilizobaki. Alikuwa anaangalia zile za pembeni.

Mtoto mdogo wa Uvira alikuja, akachukua yake kwenye rundo, akatoka nayo nje, akakaa karibu na ukuta, akaiweka magotini akisubiri. Mama yake alikuwa mlangoni na kuni mkononi.

"Mama mukubwa," akaniambia, "unatutoa?"

"Ni hesabu za shule."

"Hata kule tulianza kutolewa kwa hesabu."

Hakulisema kwa hasira. Alipiga magoti, akaendelea kuchochea moto, na mimi nikakaa na sahani mbili mikononi bila kujua nizipeleke wapi.

Nikazirudisha. Nikamwita yule wa ukutani arudi na yake. Mjukuu wangu akahesabu bila kuambiwa: watoto tano juu ya nane, wanawake mbili juu ya nane, mwanaume moja juu ya nane. Akajumlisha, ikawa nane juu ya nane. Alinitazama kuona kama nitamkataza.

"Kaseme hivyo Ijumaa," nikamwambia.

Ijumaa alisema hivyo, na kwenye tablo ikatimia nyumba nzima. Alipanda mwaka wa nane. Hakuna mtu aliyekuja kutuuliza kitu. Lakini kutokuja nako nilikuangalia sana, nikawa kila gari likipunguza mwendo nanyamazisha sufuria nisikilize.

Mwalimu yule bado nakutana naye barabarani. Hunisalimia vizuri, viatu vyake vikiwa safi vilevile.

"Mama, wote wazima huko nyumbani?"

"Wote wazima, mwalimu," namjibu. Kama tuko wanane bado, hilo simwambii.