Sydney na Jua la Kariandusi

Mwanangu Sydney Wamalwa si mlevi. Hajawahi kuonja busaa wala chupa ya bia, na babake kabla yake hakuonja. Ninaandika haya kwa sababu Jumapili moja mwezi uliopita alipanda kusoma somo kanisani, akashika meza kwa mikono miwili, akaanza kusoma kwa ulimi mzito, na kwenye viti vya nyuma mtu akacheka. Baada ya ibada wazee wawili walinifuata hadi langoni. Mmoja akanishika mkono akasema, "Mwalimu, hata wachungaji wana watoto wa hivyo. Kuna kituo kizuri cha kuwarekebisha. Sisi tuko tayari kuchanga." Niliwashukuru, nikaenda nyumbani, nikakaa kitini bila kuvua viatu hadi saa tisa.

Mchango huo siutaki. Nataka tu habari hii isomwe mara moja, kwa utulivu, na kila mtu ajue kilichompata na ni nani wa kulaumiwa.

Baba mkwe wangu alitoka Bungoma akaja Nakuru kufanya kazi katika karakana ya reli. Mume wangu alizaliwa katika nyumba za reli, akasoma, akawa karani wa reli hiyohiyo, na katika miaka thelathini ya kazi hakuna aliyewahi kumwita ofisini kujieleza. Alikufa kwa moyo akiwa na miaka hamsini na sita. Sydney wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tisa na kilo mia moja na nne. Wiki moja baada ya mazishi alienda kupimwa, akaambiwa damu yake inapita njia ileile ya babake. Akaanza kukimbia.

Yeye ni afisa wa kilimo kule Mau Narok, upande wa mbegu za viazi. Wakulima walizoea kumwona akiwa na buti na daftari, kwa hiyo siku za kwanza walimcheka sana. "Daktari wa viazi!" walimwita kutoka shambani. "Unakimbizwa na nani leo? Tuite polisi?" Naye, pumzi zikimwishia, alijibu, "Nakimbizwa na chapati za mamangu!" Jambo ambalo halikunifurahisha, lakini ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mtu wa kuchekesha watu.

Huko ndiko alikokutana na Kipngetich, kijana wa Kuresoi anayeuza vipuri vya matrekta na kupenda baiskeli kuliko chakula. Kipngetich ndiye aliyemwambia kuhusu traiathloni: unaogelea, unapanda baiskeli, halafu unakimbia, yote kwa mkupuo mmoja bila kupumzika. Sydney hakujua kuogelea. Alijifunza akiwa na miaka thelathini na moja, kila Jumamosi, katika bwawa la hoteli moja hapa mjini, pamoja na watoto wa shule ya msingi. Nilienda kumtazama mara moja. Mtoto wa kike wa miaka minane alisimama ukingoni akamwambia, "Uncle, ukimeza maji yote sisi tutaogelea wapi?" Sydney alicheka hadi akazama tena.

Miaka minne ilipita. Kilo zikashuka hadi sabini na nane. Alishiriki mashindano mafupi mara mbili, akamaliza, na mwanzoni mwa mwaka huu akajiandikisha kwa yale marefu: mita elfu moja na mia tano majini, kilomita arobaini kwa baiskeli, kumi kwa miguu. Yangefanyika mwezi wa pili, chini bondeni, karibu na Kariandusi. Alishona jina la WAMALWA mgongoni mwa shati lake. "Babangu hakupata nafasi ya kukimbia, Mayi," aliniambia. Mayi ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita mama, na tangu aanze kuongea hajawahi kuniita vingine.

Mwaka mzima kabla ya hapo alifanya mazoezi Mau Narok. Anayepajua anajua baridi ya huko saa kumi na moja alfajiri. Alikimbia na glavu na kofia ya sufu, kisha akaoga na kwenda kazini. "Hewa ya huku ni kidogo," alinieleza. "Ukishaizoea, ukishuka bondeni ni kama umeazimwa mapafu ya pili." Niliamini. Ni nani hapa kwetu asiyeamini hivyo? Tunasema mkimbiaji hutengenezwa juu, kwenye baridi, na huko chini anaenda tu kuchukua ushindi wake. Hewa tuliipima, milima tuliihesabu, hata chakula niliandika mimi mwenyewe kwenye karatasi. Jua hakuna aliyelifikiria. Mwili wake haukuwa umewahi kukimbia saa saba mchana hata siku moja.

Mashindano yalipangwa kuanza saa moja asubuhi. Kama yangeanza saa hiyo, Sydney angemaliza saa nne na mimi nisingekuwa na cha kuandika. Lakini palikuwa na mgeni wa heshima wa kupuliza firimbi ya kwanza, na mgeni hakuwa amefika. "Ako Gilgil," tuliambiwa saa mbili. Saa tatu tuliambiwa tena, "Ako Gilgil, anakunywa chai." Wanariadha sitini na mmoja walisimama kando ya bwawa wakiwa na kofia za kuogelea vichwani, wakinywa maji yaliyotengwa kwa ajili ya mbio. Kipngetich, naye mshiriki, akasema kwa sauti, "Boss, si hata mimi naweza puliza hiyo kitu?" Watu wakacheka. Mgeni alifika saa nne na robo, akahutubia, akapuliza.

Sydney alitoka majini vizuri. Kwenye baiskeli pia alikuwa sawa, wa kumi na nane. Kukimbia kulianza saa sita na nusu: mizunguko minne, kwenye barabara ya udongo ule mweupe wa huko, mweupe kama unga, unaorudisha jua usoni kutoka chini. Nilisimama kwenye kona yenye mgunga mmoja mdogo, na chupa ya maji ya lita mbili niliyoichemsha nyumbani.

Mzunguko wa kwanza alinipungia mkono. Kipngetich aliyekuwa nyuma yake hakufika mbali. Alikuja kukaa chini ya mgunga wangu, akavua viatu. "Mama Sydney, mimi nimekataa," alisema. "Hili si jua, hili ni jiko."

Mzunguko wa pili meza ya maji ilikuwa tupu. Sydney alipokaribia nilinyoosha chupa. Akatikisa kichwa. "Usinipe, Mayi. Wataniondoa." Ni sheria yao: mshiriki hapokei kitu kwa mtu wa nje. Msimamizi aliyekuwa hapo, Ngigi, mtu wa kizibao cha manjano, alinitazama kwa huruma lakini alinitazama. Nikaishusha chupa. Nimefundisha miaka thelathini na tatu. Sheria kwangu ni sheria. Niliona pia kwamba uso wake ulikuwa mkavu, hauna jasho hata tone, na nikafikiri hiyo ni dalili nzuri.

Mzunguko wa tatu alikuja akiyumba, mguu mmoja ukiingia njia ya mwingine. Alisimama mbele yangu. Alinitazama usoni, karibu kabisa, akasema, "Mathe, niaje. Stesheni ni wapi?"

Watu walicheka. Nami, na hili nalikiri kwa sababu lilionekana na wengi, nilikasirika. Nyumba yangu haina lugha hiyo ya vijana wa stendi, ya kumwita kila mama "mathe". Nilisema kwa sauti ya darasani, "Sydney! Unaongea na nani hivyo?"

Akajibu kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi kwa mgeni, "Pole, mathe. Natafuta babangu, anafanya huko reli."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hanijui. Niliangusha chupa na kumshika, sheria au hakuna sheria, lakini alikuwa tayari anaanguka, na tulianguka wote wawili kwenye ule udongo mweupe.

Ngozi yake ilikuwa moto kama sufuria. Hata hivyo alikuwa akitetemeka, meno yakigongana, na mikono imesimama vinyweleo. Watu walituzunguka. Gari la wagonjwa lilikuwa moja tu, na lilikuwa limemkimbiza mtu aliyeanguka na baiskeli. "Ana baridi huyu!" mwanamke mmoja akasema. "Msimmwagie maji, atashikwa na nimonia!" Mwingine akasema ni malaria. Mwingine akasema moyo, na niliposikia moyo akili zangu zote zikahama.

Kipngetich alikuja mbio, miguu mitupu, na mtungi wa maji wa lita ishirini alioutoa sijui wapi. "Songeni! Tummwagie!"

Nikamwambia, "Usithubutu."

"Mama Sydney, huyu anaungua."

"Huoni anatetemeka? Utamuua! Weka chini."

Akauweka chini. Kijana wa miaka ishirini na saba, aliyelelewa vizuri, angebishana vipi na mwalimu mwenye mvi? Mwanamke aliyekuwa akiuza shanga kando ya barabara alinipa shuka lake zito. Nilimfunika mwanangu kuanzia shingoni hadi miguuni, nikalikunja chini ya mabega kama nilivyokuwa nikimkunjia blanketi alipokuwa na kifua utotoni. Hakuna aliyenilazimisha. Nilifanya kwa mikono yangu, nikiwa na cheti changu cha chuo cha ualimu na vitabu vyangu vyote vya sayansi kichwani.

Tulimbeba nyuma ya pikapu ya mtu wa mahindi. Kutoka hapo hadi Nakuru malori yalikuwa yamejipanga, na dereva hakuweza kupita. Nilikaa nimempakata kichwa, nikishika lile shuka lisipeperuke. Kipngetich alikaa miguuni mwake. Mara mbili alinyoosha mkono kulitoa, na mara mbili nilimwangalia, akaurudisha. Ilituchukua saa moja na dakika ishirini.

Hospitalini muuguzi alilivuta shuka kwa nguvu hadi likaanguka sakafuni. "Nani amemfunika huyu?" aliuliza. Nilisema ni mimi. Akachukua kipimo cha joto. Kipimo kilionyesha digrii arobaini na moja na nusu. Walimmwagia maji, wakawasha feni, wakatuma mtu kantini alete barafu yote iliyokuwepo. Mimi niliambiwa nisimame nje, nikasimama. Hakukuwa na kitu kingine ningeweza kufanya, na vile nilivyoweza nilikuwa nimeshavifanya.

Aliamka siku ya nne. Alinijua. Aliniita Mayi, lakini neno lilitoka polepole, limevimba, kama mtu mwenye chakula mdomoni. Alipojaribu kusimama ukuta ulimkwepa. Daktari wake, mwanamke anayeitwa Chepkorir, alinieleza kwa upole ambao afadhali asingekuwa nao. Alisema ubongo una sehemu ndogo nyuma, inayopanga hatua na ulimi, na joto likizidi hiyo ndiyo huungua mapema. Alisema kutetemeka kule hakukuwa baridi. Nilimuuliza kama yale maji ya Kipngetich yangesaidia. Akasema, "Mwalimu, wengi hufanya ulivyofanya." Hilo lilikuwa jibu.

Kwa hiyo mnapomwona Sydney saa nne asubuhi akipita kwa mkono ukutani, akiyumba kuelekea kinyozi, mnamwona mtu aliyejifundisha kuogelea akiwa mzee kati ya watoto, na ambaye sasa anajifundisha kutembea. Akili yake ni nzima. Anasikia kila mnachosema akipita. Juzi kondakta alimsukuma ashuke, akimwambia, "Shuka mzee, ukalale, usinitapikie gari." Sydney alinisimulia akicheka, lakini jioni hiyo hakula. Kipngetich huja kila Jumamosi kutoka juu, humshika mkono wakazunguka kiwanja mara sita, na hatujawahi, yeye na mimi, kuzungumza kuhusu ule mtungi. Huniamkia, ninamkaribisha chai, basi.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika. Ningeweza kunyamaza na jina langu likabaki safi: mjane aliyesoma, mwenye bahati mbaya ya mtoto mlevi. Watu wangenihurumia. Lakini jina alilolishona mgongoni ni la babake, na afadhali niitwe mama mjinga aliyemfunika mwanawe shuka juani kuliko yeye kuitwa asivyo. Hilo kosa ni langu. Liwekeni kwangu. Kama mnataka kucheka kanisani, mgeuke upande wangu wa viti.

Daktari Chepkorir alituambia tangu mwanzo kwamba cha kurudi hurudi ndani ya miezi sita, na baada ya hapo atampima upya na kutuambia ukweli. Miezi sita ilitimia Alhamisi iliyopita. Tulienda. Sydney aliingia peke yake kwanza, kisha nikaitwa, na tulikaa humo karibu saa nzima. Tulipofika nyumbani simu ilikuwa inalia. Ilikuwa Anyango, wa kwaya, ambaye kwa kweli ana moyo mwema. "Mama Sydney, tunaomba tu kujua. Daktari amesemaje? Atapona?"

Nilimwambia kwamba alichosema daktari kimesemwa kwa Sydney na kwangu, na sitakirudia kwake, wala kwa wazee wa kanisa, wala hapa. Msiniulize tena. Sina jingine la kusema.