Kushuka Kinshasa, Kupanda Bunia

Wakati ule wa Zaire, katika lupango yetu, ua ya nyumba zetu kule Ngezi, Bunia, shemeji yangu, kaka ya bibi yangu, peke yake alikuwa na saa ya mukono. Ile saa ilimuharibu. Ukimusalimia "Umeamukaje?" anaangalia mukono kwanza.

Basi kijana wangu akazaa mutoto kule Kinshasa, akanitumia tikiti ya ndege. Shemeji akasema ndege haipitishe masaa mbili njiani. Mimi nikakataa. Nilipima kwa kidole kwenye karte ya masomo, ile ramani ya watoto: Bunia mpaka Aru ni nusu ya kidole, na kamyo ilitulaza njiani siku mbili, tukilala na bata tatu za mama mumoja, bata zenye kukoroma. Lakini tuache bata. Kinshasa ni vidole ine!

"Haiwezi kupungua masaa tatu," nikasema.

"Weka mbuzi yako, shemeji. Mie naweka saa yangu."

Nikaweka. Mbuzi yenyewe ilikuwa ya bibi yangu, tena iko na mimba. Sikumuuliza.

Siku ya safari shemeji akanisindikiza kwenye kiwanja ya ndege, akapiga kelele: "Inaondoka saa mbili kamili!" Mimi sikuwa na saa. Nikashika kiti mpaka mwisho, kama ni mimi nilikuwa nabeba ndege. Kufika, saa ya ukutani ya Kinshasa ilionyesha saa tatu na nusu. Lisaa limoja na nusu tu! Mbuzi imekwenda. Nikalia. Watu wakaona machozi, wakasema huyu babu anapenda sana mujukuu wake.

Siku ya kurudi, ndege ikiondoka, ukuta ule ule ulionyesha saa tatu kamili. Bunia, shemeji alikuwa ananingojea, mukono juu.

"Saa sita na nusu!"

Nikamuambia saa za ule ukuta, ya kwenda na ya kurudi. Masaa tatu na nusu! Nikaruka kama kijana. "Leta saa!"

"Saa gani? Kwenda ulishindwa, muzee."

Tukabishana mpaka nyumbani. Mwisho tukaelewana: Kinshasa iko chini, ndege inatelemuka yenyewe, Bunia iko kwenye milima, inapanda kwa kuvuta pumuzi, na mizigo ya watu ndani. Siku tatu tulifundisha majirani mambo hayo.

Bibi yangu alikuwa anachambua maharagi, akasikiliza, akachoka.

"Ninyi bababa! Radio inasema kila asubuhi: ikiwa saa moja Kinshasa, huku ni saa mbili. Kwenda, ongezeni lisaa moja. Kurudi, toeni moja. Ni masaa mbili na nusu, kwenda na kurudi."

Tukahesabu kwa vidole.

"Weye ulisema mbili, huyu akasema tatu. Bote mumeshindwa. Mbuzi ni yangu tangu zamani." Akanyoosha mukono kwa kaka yake. "Leta saa."

Akatoa. Angefanya nini?

Mbuzi ikazaa mapacha. Shemeji akakuja kuuliza walizaliwa saa ngapi. Dada yake aliangalia mukono kwanza.