Pua ya Fundi Makochi

Mume wangu ni fundi makochi. Kutwa anapasua makochi ya watu, na jamani, watu ni wachafu! Humo ndani anatoa sifongo iliyooza, vipande vya kucha, mavi ya panya, soksi iliyokauka ikasimama. Vumbi lote hilo linaishia puani mwake. Akirudi jioni anapenga kamasi jeusi, kisha bila haya ananiita, "Njoo uone hili!" Khaa! Nione nini mie?

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyempa kichupa cha kuoshea pua. Akamwambia mbele yangu: chemsha maji, funika, yaache yapoe yenyewe, tia chumvi. "Vidudu vingine ukivimeza tumbo linaviua, ukivivuta puani vinaweza kupanda hadi kwenye ubongo, na huko kupona ni bahati." Basi ikawa kila jioni anainama kwenye sinki, anaingizia tundu hili yanatokea lile, anakoroma, anatema. Ptuu! Mimi na sahani yangu tulihamia uani.

Lakini pua ikazibuka, naye akawa daktari. Mama yake alipokuja kukaa kwetu, kichwa kizito, hapumui vizuri, akamwambia, "Mama, leo nakuosha mwenyewe. Utalala fofofo."

Siku hiyo bomba la jikoni lilikuwa linanuka. Nikapanda ngazi kwenda kwenye tangi. Mfuniko ulikuwa umepeperushwa na upepo, sijui tangu lini. Nikachungulia. Utelezi wa kijani ukutani, viminyoo vyekundu vinajinyonganyonga, na katikati mjusi amefura, ngozi inamvuka. Maji yetu hayo! Nilishuka nimeziba mdomo.

Jikoni nikamkuta mume wangu na sufuria inafuka mvuke. Kaishika chini ya bomba, anachanganya moto na baridi, nusu kwa nusu, vile tunavyofanya maji ya kuoga.

"Unafanya nini?"

"Nayapooza. Mama amechoka kungoja."

Akajaza kichupa, akampa. Mama mkwe alishainamisha kichwa, ncha i tunduni. Nikakipiga kofi, kikaruka mpaka sakafuni.

"Una wazimu wewe?" akafoka. "Maji yamechemshwa haya!"

"Yamechemshwa nusu! Nusu nyingine ina mjusi!"

"Mjusi gani tena, mwanangu?" akauliza mama mkwe, pua ameikamata kwa vidole viwili.

Nikamburuta mume wangu hadi juu kwenye tangi. Mtu aliyezoea mavi ya panya alitapika pale pale. Nilitaka kumsuta mpaka kuche, ila alipofuta mdomo nikaona midomo inamcheza.

"Mke wangu," akasema, "mimi nayapooza hivi tangu siku ya kwanza."

Hasira zote zikaniishia. Tukaenda zahanati mbio. Muuguzi akampima mume wangu, hakuona kitu. Akasema kichwa kikimuuma sana, homa ikipanda au shingo ikikakamaa, tukimbilie hospitali, tusingoje.

Tangi tumelisugua, mfuniko tumeufunga kwa waya, na mama anaoshwa kwa maji yaliyopoa yenyewe. Lakini jana mezani mume wangu alijishika paji la uso. Nikaacha chakula, nikamsogelea uso kwa uso.

"Kinauma?"

"Hapana. Pua tu imejaa vumbi."

Nikamkingia puani pindo la nguo yangu.

"Penga," nikamwambia. "Nione."