Sauti ya baba mkwe ilivyokwama ndani ya virtual machine

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe nyumbani Kibaha, sijapamba chochote.

Baba mkwe wangu alifariki mwaka juzi, kwao Kisarawe. Enzi za uhai wake, mke wangu Zuhura alikuwa anamrekodi kwa simu akipiga stori. Simu ikaanza kufa, nikahamishia rekodi zote kwenye kompyuta yangu ya mezani.

Sasa mimi najifunza Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Nimetengeneza virtual machine, yaani kompyuta nyingine isiyoshikika inayoishi ndani ya kompyuta yangu. Nikaifanya server, yaani ya kuhudumia vifaa vingine, nikaweka rekodi humo kwenye page ya kufungua kwa browser.

Nikajitapa kwa mama mkwe: "Mama, njoo Jumapili. Kila mtu atamsikiliza mzee kwenye simu yake."

Wakaja, yeye na mashemeji watatu.

Ndani ya virtual machine yenyewe, page inafunguka safi. Kwenye simu zao, kapa! Na wote tuko Wi-Fi moja.

"Shemeji, baba kagoma kuongea na sisi?" mmoja akatania.

Mama hakucheka. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

Jasho likanitoka, wakuu. Kuingia kwenye settings za network, kumbe niliacha NAT. Hapo virtual machine inajificha nyuma ya kompyuta yako: yenyewe inatoka kwenda internet, ila simu haziioni. Nikaweka Bridged, ili router iipe IP yake, yaani anwani ya kwenye network, kama kifaa kingine chochote cha nyumbani.

Bado! IP haiji.

Zuhura akachungulia. "Baba Nasra, mbona umechagua adapter ya waya? Waya wenyewe uko wapi?"

Aibu. Nikachagua ya Wi-Fi, ndiyo mlango wa network ninaoutumia, nikawasha upya, IP hiyo hapo! Nikaiandika kwenye simu ya mama.

Sauti ikatoka: "Mama Zuhura, hii mihogo umeitia chumvi kweli?"

Mama akajibu pale pale, "Nimetia! Onja kwanza!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka huku anafuta machozi, kisha akaninyooshea simu. "Rudisha, mwanangu. Hapo hapo."

Nilichojifunza: ukitaka virtual machine iingie internet tu, NAT inatosha. Ukitaka vifaa vya nyumbani viifikie, Bridged, na uchague adapter unayotumia kweli. Halafu jaribu kwanza, ndipo uite wakwe!

Sasa mama anataka amsikilize akiwa kwake Kisarawe. Wajuzi, njia ipi ni salama? Tiririkeni.