Mtafunaji

Shangazi wa Argiro alikuwa msafishaji wa mastiki, utomvu wa mti unaotafunwa kama ubani, kisiwani Kio, Ugiriki. Kisu kidogo mkononi, kipande cha utomvu mdomoni. Akiudhika hasemi. Anatafuna, na msuli wa taya unavimba shavuni kama yai. Daktari aliwahi kuugusa akacheka. "Wazee wetu Wagiriki waliuita masitera, mama. Yaani mtafunaji."

"Basi huyo ndiye mchapakazi pekee humu ndani," akajibu.

Siku Argiro alipoaga kuhamia Athene, msuli ulipanda, ukashuka.

"Sema basi, shangazi."

"Nenda, mwanangu, meli itakuacha."

Leo kanisani wanagawa ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka marehemu shangazi. "Mungu amrehemu," majirani wanamwambia. Argiro anatia ngano mdomoni. Anatafuna tu, msuli umevimba shavuni kama yai.