Sumaku na Kisu cha Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, sikumpenda tangu siku alipoleta posa, na mpaka leo simpendi. Mtu wa nyodo. Akija Ikwiriri kutoka Dar, kiti atakikung'uta kwanza ndipo akalie.

Siku ya kuamkia arobaini ya mama alikuja na kisu cha kukunja. Mama alikuwa ameacha wasia mmoja tu: beberu wake, aliyemlea mwenyewe kwa maganda ya mihogo, achinjwe siku ya arobaini, watu wasome, wale. Hakuwa na mnyama mwingine. Mimi ndiye mwanawe wa kiume, na jambo hilo lilikuwa mikononi mwangu.

"Nitachinja mimi," shemeji akasema, utadhani kuna aliyemuomba. Akakifungua kisu kwa kidole gumba, akaanza kutusomesha. Eti mpini wenyewe ndio kufuli: upande mmoja umechanwa kwa urefu na kukunjwa kidogo kwa ndani, basi ukifungua kisu, ule ulimi unaruka na kusimama nyuma ya shina la kisu kisijifunge. Ukikamata mpini kwa nguvu ndivyo ulimi unavyozidi kukaza.

"Na hii ni titani, shemeji, madini ya bei. Huku kwenu hamna."

Huku kwetu hamna. Mimi nachomelea vyuma miaka yote hii, aje kunifundisha yeye. Nikamuomba nikitazame, nikaenda nacho kibandani kwangu. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, ya kuokotea skrubu. Titani haishikwi na sumaku. Mpini ule uliing'ang'ania. Kilikuwa chuma laini kilichopakwa rangi ya kijivu, na chuma laini kikishakunjwa mara kadhaa hakirudi tena kwa nguvu. Ulimi wenyewe uligusa shina la kisu kwa ncha tu. Nikakigonga mgongo kwenye meza, kikajifunga.

Dada alikuwa mlangoni, amefuata sufuria. Akatazama, akaondoka.

Nilikuwa na kisu changu cha kipande kimoja, nilichokitengeneza kwa springi ya lori. Neno moja lingetosha. Sikulisema. Nilimrudishia chake nikamwambia, "Kizuri, shemeji." Nilitaka aumbuke mbele za watu, kimkate vidole kidogo, kisha nijitokeze na changu. Nilisikia raha, siwezi kuficha.

Kesho yake asubuhi tukamlaza beberu, miguu nimeshika mimi. Shemeji akapiga bismillahi, akapitisha kisu mara moja. Beberu akajirusha, taya likapiga mgongo wa kisu, ulimi ukateleza, kisu kikajikunja juu ya vidole vyake. Akapiga yowe, akaachia. Mimi nikashtuka, miguu ya beberu ikaniponyoka. Mnyama akainuka na shingo iliyokatwa nusu, akakimbilia migombani. Nilipomfikia na kisu changu alikuwa ameshakata roho.

Mwalimu wa madrasa akainama, akaitazama ile shingo muda mrefu. Koromeo lilikuwa halijakatika.

"Huyu kibudu," akasema. "Mfukieni."

Watu walikula wali na maharage. Wazee wakamsema shemeji, nami nikachangia, tena kwa sauti ya kusikika ukumbini hadi uani.

"Kimbelembele chake kimeharibu hitma ya mama," nilisema.

Yeye alikaa mkekani, mkono umefungwa kitambaa.

Nikaenda kufukia. Nilipokuwa nashindilia udongo dada akaja, ameshika sumaku yangu.

"Mdogo wangu," akaniuliza taratibu, "jana ulipokigonga pale mezani, kilijifunga au hakikujifunga?"

Nikamwambia kilijifunga.

Akaiweka sumaku juu ya udongo, pale alipolala beberu wa mama. Kisha akarudi ndani kumlisha mumewe, kwa kuwa mkono wake wa kulia haukuweza kushika tonge.