Pikapu ya Kumfuata Mama Mdogo

Kaka yangu alirudi Kigali kutoka Bukoba mwezi wa nane, mwaka wa tisini na nne, bunduki zilipokuwa zimenyamaza. Alinikuta mtaani Muhima, kwenye chumba cha nyuma ya duka lililokuwa la baba yetu, aliyefariki zamani, nikikaanga vitunguu. Tulisalimiana kama watu walioonana juzi. Hakuniuliza nani yuko na nani hayuko, nami sikumwambia. Alitoka uani, akaiona pikapu ya mume wangu imekaa juu ya matofali bila magurudumu, akafungua boneti.

"Injini ipo," alisema.

"Sijui," nikamjibu.

"Ipo."

Ilikuwa pikapu ya kawaida, inayovuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Sisi wa mjini tuliiita kamyoneti. Mume wangu aliibebea makaa na ndizi, na kila Ijumaa aliiosha kabla ya kwenda msikitini. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Mwezi wa nne mume wangu na binti zetu wawili waliuawa, na cherehani ikachukuliwa. Nililijua jambo hilo kama mtu anavyojua jina la mtaa wake. Niliamka, nikapika, nikafua, nikalala.

Mvua zilipoanza, mwanamke mmoja aliyekuwa akileta ndizi sokoni kutoka upande wa Masaka, nje kidogo ya mji, aliniambia kwamba mdogo wake mama yangu yuko hai. Alikuwa peke yake kwenye kilima chake, mbele ya Masaka, ng'ambo ya bonde la mafunjo. Nyonga ilikuwa imeharibika na hakuweza kutembea mbali. Nilimpelekea kaka habari hiyo kama ninavyompelekea chai. Kesho yake alikwenda kuitazama njia, akarudi na matope hadi mapajani.

"Daraja la magogo halipo," alisema. "Barabara imetafunwa na malori ya jeshi. Bila gari la foo-wili hufiki."

"Hatuna."

"Tutaifanya hii ifike."

Huko Bukoba alikuwa dereva wa magari ya kahawa, na mikono yake haikupenda kukaa bure. Alipata Gatsata, kwenye magereji, magurudumu makuukuu yenye kashata kubwa za kushika matope. Hayakuingia chini ya madigadi, kwa hiyo akachukua msumeno wa chuma akayakata. Madigadi yale mume wangu alikuwa akiyapangusa kwa kanga yangu ya zamani mpaka yanang'aa. Nilisimama nikaangalia yakianguka chini, nikitegemea kitu kitanichoma moyoni. Hakikunichoma. Niliyaokota nikayaegemeza ukutani ili tusijikwae.

Springi za nyuma aliziongezea majani ya chuma kutoka kwenye gari bovu. Za mbele alizikaza mpaka pua ya gari ikainuka. Chini ya injini alifunga bamba la chuma ili mawe yasitoboe sampo ya oili, na bomba la hewa akalipandisha kando ya kioo, kwa kipande cha bomba la maji, ili injini isinywe maji ya bondeni. Gari likawa refu na jembamba miguuni. Majirani walilitazama na kupita. Siku zile hakuna aliyeshangaa kitu.

Iliyobaki ni difu, yale meno yanayogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma. Kaka alinieleza: gari kama hili, gurudumu moja likiteleza, nguvu yote inakimbilia huko huko kwenye kuteleza, na lile lililo pakavu linakaa tu. Alitaka meno ya ndani yachomelewe pamoja, magurudumu yote mawili yazunguke sawa, yapende yasipende. Umeme haukuwepo, ila palikuwa na fundi wa kuchomelea aliyetoka Bukavu na jenereta yake.

Fundi alilala chini ya gari, kisha akatoka akijifuta mikono.

"Mzee, hii kitu nikiichoma hairudi tena," alisema. "Kwa lami itakusumbua. Kona itakataa. Na siku moja shafti itakatika."

"Choma," kaka akasema.

"Na hii gari iko nyepesi sana nyuma. Mutatia uzito."

Uzito huo ulikuwa kazi yangu. Nilipata vipande vya turubai la bluu la misaada, nikavishona kwa sindano ya magunia viwe mifuko mirefu, tukaijaza mchanga na kuilaza juu ya ekseli ya nyuma. Nilishona mishono miwili miwili, kwa mkono, kama nilivyofundishwa. Kaka aliisifu. Niliona vidole vyangu vinajua kazi, nikaviacha viendelee.

Tuliondoka asubuhi, baada ya chai. Kwenye lami gari lilikuwa kama fundi alivyosema: kila kona magurudumu yalilia na usukani ukataka kwenda moja kwa moja. Baada ya Masaka udongo ulianza, likatulia. Askari kwenye kizuizi walitazama ndani, wakamwambia kaka asitoke kwenye alama za magari yaliyotangulia, kwa sababu ya mabomu ya ardhini.

"Na bondeni, ambako daraja halipo?" kaka aliuliza.

"Kuna wafugaji wanavusha ng'ombe. Palipopita ng'ombe, piteni."

Tulipofika bondeni tuliona alama za kwato zimeingia kwenye maji upande huu na kutoka upande ule, kati ya mafunjo. Kaka alishuka, akayatazama maji muda mrefu, akarudi akaingiza gia ya kwanza. Maji yalipanda hadi mlangoni. Niliwaza kwamba tunaweza kulipuka, na wazo hilo lilipita kama wazo la kununua chumvi. Nyuma gari lilizama kidogo upande mmoja, gurudumu la pili likashika, tukatoka. Kaka alikuwa ametoa jasho mpaka shati limemgandia. Mimi nilikuwa mkavu.

Nyumba ya mama mdogo haikuwa na bati hata moja. Alikuwa amehamia jikoni nyuma, amekaa kwenye mkeka, ungo wa maharage mapajani, rozari shingoni. Alimtambua kaka kwa sauti.

"Mmekuja wangapi?" aliuliza.

"Wawili, mama mdogo," kaka alijibu.

"Na wengine?"

Kaka alinigeukia. Ndipo nilipoelewa kwamba miezi yote ile alikuwa akingoja mtu mwingine aulize.

"Hakuna wengine," nilisema. "Mama hayupo. Mume wangu hayupo, na watoto. Wadogo zetu wote hawapo. Ni sisi."

Mama mdogo alitikisa kichwa polepole. Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Basi ngojeni nimalize haya," alisema.

Nilikaa nikamsaidia kuchambua. Kaka alisema anakwenda kutazama springi. Alikaa chini ya gari mpaka tukamaliza ungo wote, na kutoka jikoni niliona miguu yake tu, viatu vikisuguana. Sikumfuata. Sikuwa na kitu cha kumpelekea.

Wakati wa kumpandisha mama mdogo, gari lilikuwa juu mno. Kaka alimbeba mgongoni, nami nikaisukuma miguu yake.

"Mmelipandisha hivi la kwenda wapi?" aliuliza akishakaa.

"La kuja kwako," kaka alisema.

Aliishi nasi Muhima, kwenye chumba kile kile. Alikoroma, na alitaka uji wake uwe mwepesi. Watu walisikia kuna gari linalofika vilimani, wakaanza kuja: mtu anataka kumtafuta dada yake, mwingine anataka kuona tu alipozaliwa. Kaka aliwapeleka. Mara nyingine nilikwenda naye, na kwenye njia mbaya, macho yetu wote yakiwa mbele, alianza kuniuliza. Aliuliza habari za mama kwanza. Safari nyingine akauliza habari za wadogo zetu. Binti zangu aliwaacha mwisho, nami nikamwambia walivyokuwa wakigombania kukaa dirishani kwenye gari hili, na kwamba mdogo alikuwa ameanza kufunga nusu siku ya Ramadhani. Nilizungumza kwa sauti ya kawaida. Mara moja tu nilishika ukingo wa dirisha, kaka akapunguza mwendo, kisha nikaendelea.

Mwisho wa mwaka shafti ilikatika, mbele ya Rwamagana, kwenye kilima kikavu kisicho na matope yoyote. Kaka aliliacha gari kwa watu, akarudi kwa lori na sehemu kwa miguu. Aliingia ndani vumbi tupu.

"Imekatika," alisema.

"Nawa mikono," mama mdogo alimwambia. "Maharage bado ya moto."

Alinawa, akakaa, nami nikampakulia.